Dawa Yawasha, Ugonjwa Hauumi

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazee wa Thika na Ruiru baada ya swala ya alasiri, na kuandikwa upya kwa ajili ya jarida letu la Ramadhani.)



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mliokaa kule nyuma karibu na viatu. Nilipoambiwa nitayarishe mada, wengi walidhani nitazungumzia kumi la mwisho ama zaka ya fitri. Mada hizo zina wenyewe, na masheikh wetu wanazijua kuliko mimi. Mimi leo nimekuja na chupa. Hii hapa. Ni ndogo kama kidole gumba, ina mililita 5 tu za dawa. Wengi wenu mkirudi nyumbani mtaikuta iko dirishani kwa nyanya, ama juu ya kabati la babu, na pengine imejaa vumbi. Hilo vumbi ndilo lililonileta hapa.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nasomea mambo ya maji, yaani matangi na mabomba, pale Juja. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kumsindikiza nyanya yangu kliniki ya macho kwa miaka miwili, kwa kuuliza maswali mpaka wauguzi wakanizoea, na kwa kusoma. Kwa hivyo mkitoka hapa msiseme "kijana ametuandikia dawa." Semeni "kijana ametutuma tukamuulize daktari."

KISA CHA NYANYA

Nyanya yangu anakaa Makongeni, hapa Thika. Ni mama ambaye kila Ramadhani anahitimisha msahafu, na akiupoteza mstari anaurudia, hana haraka. Miaka mitatu iliyopita alipimwa akaambiwa ana presha ya macho, ile wanayoiita glakoma. Akapewa chupa mbili: timololi, tone moja asubuhi na tone moja jioni, na latanoprosti, tone moja usiku.

Miezi ya kwanza alitia bila neno. Baadaye akaanza kulalamika. "Mjukuu wangu, hii dawa ni pilipili." Macho yakawa mekundu. Akawa anahisi kama kuna mchanga ndani, hasa jioni. Akisoma kurasa mbili machozi yanamtiririka mpaka kwenye buibui, herufi zinacheza, anafunga msahafu. Sisi tukasema ni uzee. Wengine wakasema ni vumbi, maana mnajua vumbi la kwetu lilivyo, tangu machimbo ya mawe ya Ndarugo mpaka barabara za ndani za Kimbo.

Ikaja Ramadhani. Siku ya kwanza akaacha tone la asubuhi, akihofia saumu yake, kwa sababu kila akitia alikuwa anahisi uchungu wa dawa kooni. Kisha akaacha na la jioni. Kisha akaacha hata la usiku, kwa kuwa macho yalianza kupoa na akajiambia, basi dawa yenyewe ndiyo ilikuwa ugonjwa. Hakumwambia mtu.

Na sisi tulifurahi! Wekundu ulipungua, machozi yakapungua, akasoma juzuu baada ya juzuu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Nyanya, Ramadhani imekuponya." Akacheka akaniombea dua.

Baada ya Idd tukaenda kliniki. Presha ya macho ilikuwa imepanda sana, na alipopimwa upana wa kuona, jicho la kushoto lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya upande. Daktari akaniuliza mimi, si yeye: "Dawa anatia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja siku zote za likizo na sikuwahi kumuuliza hata mara moja.

Ile sehemu iliyopotea hairudi. Leo ukimpitia upande wa kushoto anashtuka. Kikombe cha chai tunamwekea kulia.

PRESHA YA MACHO NI NINI?

Kwa sisi watu wa maji ni rahisi kueleza. Chukua jicho kama tangi dogo. Ndani yake kuna maji yanayotengenezwa kila wakati, na kuna mfereji mdogo wa kuyatoa. (Maji haya si machozi, machozi yako nje.) Mfereji ukianza kuziba, maji yanaingia kama kawaida lakini hayatoki vizuri, basi presha inapanda. Presha ile inaukandamiza mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, ambao kazi yake ni kupeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake zinakufa moja moja, na uzi uliokufa haurudi. Wako pia watu ambao mshipa wao huumia hata presha ikiwa ya kawaida, ndiyo maana daktari haangalii presha peke yake, anaangalia na mshipa wenyewe.

Sasa ubaya wa ugonjwa huu, ile aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu Waafrika, ni kwamba hauumi. Haukuamshi usiku. Unaanza kula pembeni, na kwa kuwa macho ni mawili, jicho moja linalifichia jingine. Mtu anaona vizuri mbele yake, anahesabu pesa, anamtambua mgeni mlangoni, na huku ukuta unamkaribia kutoka upande. Siku anayogundua mwenyewe, mara nyingi ni siku ambayo mengi yamekwisha.

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2013 watu kama milioni 64 wenye umri wa miaka 40 hadi 80 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba kufikia mwaka 2040 watafika kama milioni 112. Bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha ile aina isiyouma. Mtoto wa jicho akishakomaa anatolewa kwa upasuaji na mtu anaona tena. Glakoma haiko hivyo. Ndiyo sababu kubwa zaidi duniani ya upofu usioweza kurudishwa.

Hapa Thika tuna shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Tumekua tukiwaona wanafunzi wake na fimbo zao nyeupe wakivuka barabara, na wengi wetu tumezoea kudhani upofu ni jambo la utotoni. Huu wa glakoma mara nyingi huja ukubwani, kwa mtu ambaye amelea, amejenga, na ana watu wanaomtegemea.

SASA, MACHO YANAKAUKA VIPI?

Hapa ndipo mada yetu ilipo, kwa hivyo naomba mnisikize.

Jicho linafunikwa na machozi wakati wote, hata usipolia. Machozi hayo si maji matupu. Yako matabaka: kuna ute unaoyashika yasiteleze, kuna maji yenyewe, na juu kabisa kuna mafuta kidogo sana yanayotoka kwenye tezi za kope, yanayozuia maji yasikauke haraka. Ukipepesa jicho, unayapaka upya.

Chupa ya dawa inafunguliwa na kufungwa kwa wiki nyingi, kwa hivyo watengenezaji wengi wanatia kitu cha kuzuia vijidudu visimee ndani. Kinachotumika zaidi kinaitwa benzalkoniamu kloraidi. Tazameni kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti, imeandikwa. Kitu hiki kinafanya kazi kama sabuni. Na sabuni kazi yake mnaijua. Akina mama, sahani ya pilau yenye mafuta mkiitia sabuni, mafuta yanakwenda wapi? Yanavunjika. Basi ndivyo yanavyovunjika yale mafuta ya machozi. Zaidi ya hapo, kitu hiki kikitumika miaka na miaka kinaumiza ngozi laini ya juu ya jicho pamoja na zile chembe zinazotoa ute. Na dawa zenyewe pia zina lake: timololi inaweza kupunguza machozi, na latanoprosti inaweza kuleta wekundu na kusumbua tezi za kope.

Mtu mwenye chupa moja anapata kidogo. Mwenye chupa mbili au tatu, miaka mitano, kumi, anapata nyingi. Ongeza umri, maana machozi hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na kina mama baada ya kukoma hedhi ndio zaidi. Ongeza moshi wa jiko la makaa, ongeza upepo na vumbi. Tafiti zilizofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 na 2010 zilikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa glakoma wanaotia matone wana dalili za macho makavu. Nusu, ndugu zangu! Kwa hivyo nyanya hakuwa akideka.

Dalili zenyewe ni hizi: kuwasha, kuchoma, kama mchanga machoni, wekundu, kuona ukungu unaoondoka ukipepesa, na kuchoka haraka mtu akisoma. Na hii inawashangaza wengi: machozi kutiririka. Utasema, jicho kavu linatoaje machozi? Ni kwa sababu jicho likiumia kwa ukavu linaita maji kwa dharura, na maji hayo hayana mafuta ya kuyashika, yanamwagika tu shavuni. Jicho linabaki kavu vile vile.

Mizani yenyewe sasa mmeiona. Ugonjwa unaopofua hauumi hata kidogo. Dawa inayouzuia ndiyo inayowasha. Mtu akiifuata hisia yake peke yake, ataacha dawa na kuufuga ugonjwa, na atajiona amepona. Hivyo ndivyo alivyofanya nyanya, na mimi nikampongeza.

MAKOSA TUNAYOYAFANYA

La kwanza ni hilo la kuacha dawa kimya kimya. Ukavu una dawa na una njia. Mshipa uliokufa hauna.

La pili ni kukimbilia duka la dawa. Jamaa yetu mmoja wa Ruiru, mtu wa kuchomelea vyuma, alikuwa na macho mekundu. Akaingia kwa muuza dawa, akapewa chupa ya kuondoa wekundu, na kweli wekundu ukaondoka siku ya pili. Akawa anaenda kununua tena na tena kwa miezi, hakuna aliyemwuliza cheti. Chupa ile ilikuwa na steroidi. Steroidi zina kazi yake, na daktari akiitoa anaifuatilia, lakini ukijitilia mwenyewe muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho, na hata kumletea glakoma mtu ambaye hakuwa nayo. Kwa hivyo ukiona kwenye chupa majina kama deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na si daktari wa macho aliyekuandikia, simama hapo hapo.

La tatu ni dawa za nyumbani. Maziwa ya mama, asali, maji ya majani fulani. Najua zinatolewa kwa mapenzi. Lakini jicho lililokauka tayari ngozi yake imechubuka, na ukilitia kitu kisicho safi unaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho. Na wanja nao, hasa wakati huu Idd inapokaribia: baadhi ya wanja wa madukani umekutwa na madini ya risasi. Mwenye macho makavu na aupumzishe.

La nne ni letu vijana. Tunajua namba ya simu ya kila mchezaji wa timu yetu, lakini hatujui mzee wa nyumbani anatia tone saa ngapi.

SAUMU NA TONE LA JICHO

Sitoi fatwa hapa, sheikh yupo amekaa mbele yangu. Nanukulu tu yale tuliyosomeshwa madrasa na ambayo masheikh wameyathibitisha.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi la kuingia tumboni. Imamu Nawawi ameeleza kwamba wanja haufunguzi, hata mtu akihisi ladha yake kooni. Wanavyuoni wa Kihanafi wana msimamo kama huo. Wako wa madhehebu ya Maliki na Hanbali wanaosema kwamba ladha ikifika kooni inaharibu saumu, na ndiyo maana watu wanasikia maneno mawili tofauti na kuchanganyikiwa. Mwaka 1997, baraza la kimataifa la wanavyuoni wa fiqhi, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah, lilikaa na madaktari, kisha likaamua kwamba matone ya macho ni katika vitu visivyofunguza, maadamu mtu hamezi kile kitakachofika kooni.

Juu ya hayo, mgonjwa ana ruhusa yake, imo katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na kila mtu anaijua. Dini haikumtaka nyanya achague kati ya jicho lake na saumu yake. Sisi ndio hatukumfikishia habari.

Na kuna jambo jingine la kupendeza. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu na usiku wetu karibu vinalingana mwaka mzima. Dawa ya mara mbili kwa siku mtu anaweza kuitia wakati wa daku na kuitia tena baada ya kufuturu, na masaa hayapishani sana na yale ya kawaida. Dawa ya mara moja usiku itiwe baada ya tarawehe. Kwa hivyo wengi wenye presha ya macho hapa kwetu hawahitaji hata kuligusa tone mchana. Wanaoandikiwa mara tatu ndio wazungumze na daktari na sheikh kabla ya mwezi kuandama.

Na wakati wa kufuturu, msinywe maji kwa pupa. Lita nzima kwa dakika chache inaweza kupandisha presha ya jicho kwa muda kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Tende, maji kidogo, swala ya magharibi, kisha mengine polepole mpaka daku.

NAMNA YA KUTIA TONE

Ule uchungu wa kooni unatoka wapi? Kwenye pembe ya jicho, upande wa pua, kuna tundu dogo linaloyapeleka machozi puani, na puani yanateremka kooni. Dawa nayo inapita huko huko. Na si kooni tu, inaingia kwenye damu. Timololi ikiingia kwenye damu inaweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Kwa hivyo mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwambie daktari kabla hajaandikiwa.

Fanyeni hivi. Nawa mikono. Vuta kope ya chini ifanye kama mfuko. Tia tone moja tu, ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Jicho halina nafasi ya matone mawili, la pili linamwagika, ni hasara ya pesa. Funga jicho taratibu, usilibane, na uweke kidole kwenye ile pembe ya pua, bonyeza kidogo kwa dakika mbili. Ukiwa na chupa ya pili, ngoja dakika tano au zaidi.

Tazameni faida ya kidole kimoja: dawa inabaki jichoni inakotakiwa, haiendi kifuani, na haiendi kooni. Yule mwenye wasiwasi wa saumu na yule mwenye wasiwasi wa moyo wote wanatibiwa na kidole hicho hicho. Nyanya alitia dawa mwaka mzima bila ya kuonyeshwa jambo hili la dakika mbili.

MACHO YAKIKAUKA TUFANYE NINI?

Kwanza, sema. Mwambie daktari kwa maneno yako: "Dawa inaniwasha, nahisi mchanga." Usiseme "niko sawa" kwa kuogopa kumkasirisha. Akijua, ana mambo mengi ya kufanya.

Anaweza kukubadilishia dawa. Anaweza kukupa chupa moja yenye dawa mbili ndani, ili ile sabuni iingie mara chache. Ziko dawa zisizo na sabuni hiyo kabisa, ingawa bei yake ni ya juu na si rahisi kuzipata kila mahali. Anaweza kukuongezea machozi ya bandia, ambayo kazi yake ni kulainisha tu. Wenye kuyatumia mara nyingi kwa siku ni bora wapate yasiyo na sabuni. Yatieni mbali kidogo na ile dawa ya presha, kama dakika 10 au 15, yasije yakaiosha.

Nyumbani, chukua kitambaa safi, kichovye maji ya uvuguvugu (si ya moto!), ukikamue na kukiweka juu ya kope zilizofungwa kwa dakika tano hadi kumi, ili mafuta ya tezi yalainike. Kaa mbali na moshi. Pikipiki na upepo, vaa miwani. Ukisoma msahafu au simu, pumzika na upepese, maana mtu akikaza macho husahau kupepesa.

Na kuna njia ya leza. Hii si habari ya Ulaya peke yake. Jirani zetu wa Tanzania, hospitali ya KCMC pale Moshi, walifanya utafiti kwa wagonjwa 201, ukachapishwa mwaka 2021. Nusu walitibiwa kwa leza na nusu kwa matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Leza hairudishi uoni uliopotea, haimfai kila mtu, na nguvu yake inaweza kupungua baada ya muda. Lakini mtu asiyehitaji kutia tone kila siku ameepukana na kukauka na kusahau pia. Basi ni swali halali kuuliza: "Daktari, mimi naweza kufaa kwa leza? Ama upasuaji?" Kama kliniki ya karibu haina, uliza utumwe wapi. Hospitali ya Kikuyu haiko mbali nasi, na kitengo chake cha macho kinajulikana nchi nzima.

NAHITIMISHA

Ugonjwa huu unakwenda na damu. Ndugu na watoto wa mgonjwa wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine. Baba yangu, ambaye kila siku alikuwa anasema "macho yangu ni ya mwewe", tulimpeleka kwa nguvu. Aliambiwa hana ugonjwa kwa sasa, lakini arudi kila mwaka. Zamu yangu nayo itafika, na sitangoja niumwe.

Nyanya sasa ana chupa moja badala ya mbili, tone moja usiku, na machozi ya bandia mchana. Macho hayajapona ukavu kabisa, nisiwadanganye. Jioni bado yanamsumbua. Lakini presha imeteremka, na kila baada ya tarawehe mmoja wetu yuko pale na kidole. Tumeandika zamu ukutani. Kijukuu chake cha miaka tisa ndicho mkali zaidi, anahesabu dakika mbili kwa sauti. Ramadhani hii nyanya yuko juzuu ya kumi na moja, anaugeuza msahafu kidogo upande wa kulia, na anasoma.

Basi nawaomba jambo moja, vijana wenzangu. Leo baada ya kufuturu, kabla hamjashika simu, muulizeni mzee wa nyumbani maswali matatu. Je, una dawa ya macho? Unaitia saa ngapi, nione unavyoitia? Inakuwasha? Akisema inamuwasha, msimwambie avumilie, na msimwambie aache. Mpelekeni akaseme.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa macho kwa wale waliotulea. Aamin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.